Mapacha Wawili, Nafasi Moja

Juzi alikuja kwangu kijana mmoja, mwalimu mpya, amepangiwa shule ya msingi huko vijijini. Aliniamkia vizuri, akakaa, akakataa chai mara ya kwanza kama inavyotakiwa, halafu akanieleza shida yake. Mkuu wake wa shule amemwagiza apeleke majina ya wanafunzi wenye vipaji kabla ya Ijumaa.

"Sasa bibi," akasema, "nawajuaje?"

Nikamuuliza amekaa na watoto hao muda gani. Akasema wiki chache tu, tangu shule ifunguliwe. Nikamwambia basi apeleke majina ya walio warefu, kwa sababu hilo angalau atakuwa na uhakika nalo. Alidhani natania. Kijana wa watu akaondoka bila jibu, na mimi nikabaki nimekasirika mpaka jioni, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya hiyo Ijumaa.

Kwa hiyo ninyi mlioingia ualimu juzi, acheni simu kidogo mnisikilize. Mimi nimestaafu, magoti yananiuma, na hakuna tena mtu wa kunihamisha kituo, kwa hiyo nasema ninavyotaka. Nimefundisha hisabati shule za msingi, Igunga na Uyui, na mwisho hapa mjini Tabora. Katika muda wote huo amri ile ilikuwa inakuja na kupotea kama mvua za vuli: tafuteni wenye vipaji. Ikija, inataka majibu haraka. Kipaji chenyewe ni nini, hakuna aliyewahi kutuambia.

Nikiwa bado mwalimu msichana, huko Choma, Igunga, tulikaa kikao cha walimu kuchagua. Walichaguliwa watoto waliokuwa na sare safi. Sisemi mzaha. Mmoja akataja jina, mwingine akasema ndiyo, yule ni msafi sana, na jina likaandikwa. Wale waliokuwa wanachunga ng'ombe asubuhi kabla ya kuja shule, wakaingia darasani na matope mpaka magotini, hao hawakutajwa, na wasingetajwa hata kama mama zao wangekuwepo. Mwaka mwingine tulikuwa na mtoto aliyekariri miji mikuu ya Afrika yote. Wageni walikuwa wakija anasimamishwa, anaitaja kama mtu anayekimbizwa, wageni wanapiga makofi. Siku moja nikamuuliza taratibu, mji mkuu ni kitu gani? Akanitazama, akafikiri, akasema, "Ni jibu."

Aliyenifundisha kuangalia alikuwa Mwalimu Hemedi, mtu wa hapahapa mjini, mpole, kanzu yake Ijumaa nyeupe kupita chaki. Alinikuta nasahihisha madaftari kwa hasira akaniambia kitu ambacho sijakiona kwenye semina yoyote. "Mtoto akimaliza kazi uliyompa, usiangalie daftari. Daftari halikimbii. Mwangalie yeye anafanya nini sasa hivi, wakati hujamwambia afanye kitu." Nilijaribu. Wengi wakimaliza wanalala au wanafinyana. Lakini mara mojamoja unamwona mmoja amegeuza swali lako, anajiuliza lingekuwaje kama namba ingekuwa nyingine. Huyo mshike. Huyo usimwache hata kama ana kamasi.

Sasa niwaambie habari ya Kulwa na Doto, ndiyo mtaelewa kwa nini neno Ijumaa linanipandisha presha.

Nilikuwa Goweko wakati huo. Goweko ni tumbaku na treni. Treni inapita, tumbaku inabaki, na msimu wa kukausha majani kwenye mabani nusu ya darasa haionekani. Katika darasa langu la tano walikuwepo mapacha wa kike. Majina yao kwetu hayachaguliwi, yanakuja na pacha: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Walikaa dawati moja, na hata ukiwatenganisha, ukigeuka ubaoni wamesharudi pamoja.

Kulwa alikuwa mdomo wa darasa. Ukiuliza swali, mkono wake uko juu kabla hujamaliza, na jibu ni sahihi, na maelezo yamenyooka. Doto alikuwa anatazama nje. Kiswahili chake kilikuwa kizito, nyumbani wanaongea Kinyamwezi, na mbele ya walimu alikuwa hafungui mdomo. Walimu wenzangu walikuwa wanasema Mungu alimpa Kulwa fungu la wote wawili. Walisema mbele yake, watu wazima wazima.

Pale shuleni kulikuwa na bomba la kupampu kwa mkono, moja, na kijiji kizima kilikuwa kinachota hapo. Ugomvi kila siku. Mchana mmoja nilikuwa ofisini nikasikia kimya bombani, kimya ambacho si cha kawaida. Nikachungulia. Foleni ilikuwa imepangwa upya. Watoto wenye vikopo na vindoo vidogo wametangulia, wenye ndoo kubwa wamefuata, wenye madumu wako mwisho, na inakwenda haraka. Aliyekuwa anapanga ni Doto, kwa kuwashika watu mabega na kuwasogeza, bila neno. Kulwa alikuwa pembeni anawaelezea kinamama waliolalamika. Mwenye dumu akitangulia, alikuwa anasema, sisi wote tunamsubiri yeye. Sisi wadogo tukitangulia, yeye anatusubiri kidogo tu. Mama mmoja mwenye madumu mawili alisimama akatafakari, kisha akaenda mwenyewe nyuma.

Nikatoka niwaulize. Kabla sijafika, mwalimu wa zamu alishamfikia Doto, akamchapa kwa kuvuruga foleni. Foleni ikarudi ilivyokuwa, na ugomvi nao ukarudi. Nilisema naye huyo mwalimu maneno ambayo hayaandikiki.

Baadaye nikawaita mapacha chini ya paa la stoo, nikauliza wazo lile ni la nani. Kulwa akajibu, "La Doto. Mimi nasema tu." Akalitamka bila aibu yoyote, kama mtu anayekuambia nani amepika na nani amepakua. Ndipo nikaanza kusikiliza dawati lao vizuri. Nikagundua kwamba kabla Kulwa hajanyoosha mkono, Doto alikuwa ananong'ona kitu kwa Kinyamwezi, maneno mawili matatu. Kulwa anayachukua, anayapanga, anayatoa kwa Kiswahili cha kueleweka mpaka kwa mtoto wa nyuma kabisa. Miaka mitano shuleni na hakuna aliyekuwa amesikia ule mnong'ono, na mimi nikiwemo kwa muhula mzima.

Walipofika darasa la saba ikaja amri. Kila shule itoe majina, watoto watapimwa, na watakaoshinda watapata nafasi kwenye shule ya bweni ya wasichana wenye vipaji huku mjini. Nikawapeleka wote wawili. Mkuu wa shule akauliza Doto anakwenda kufanya nini, nikamwambia anakwenda kupimwa, kwani kipimo ni cha nini kama majibu tunayo tayari.

Wakapimwa vyumba tofauti. Kulwa akashinda. Doto akapata alama chache mno, maana alijibu swali moja tu. Lilikuwa swali la picha nne, unatakiwa kuchagua isiyofanana na nyingine. Nilipomuuliza njiani ilikuwaje, alijibu kwa Kinyamwezi, huku anapiga teke kijiwe: "Kila moja ina jambo ambalo nyingine hazina. Nikaziandika zote. Muda ukaisha." Na akanieleza, moja baada ya nyingine, mambo manne, na yote manne yalikuwa kweli. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kumtikisa. Mtoto, si uchague yoyote uendelee mbele. Lakini ndiyo alivyokuwa, na mtihani uliotengenezwa kumtafuta mtu kama yeye ulimwona ukampita.

Nikapanda treni mpaka mjini kumwona afisa aliyehusika. Hakuwa mtu mbaya, niwe mkweli. Aliniagizia soda, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza habari ya bomba, ya mnong'ono, ya zile picha nne. Akasema anaamini.

"Lakini mwalimu," akasema, "kipaji kinachoshindwa mtihani nikipeleke juu kwa jina gani?"

"Kwa jina la Doto," nikamwambia.

Akatabasamu kwa huzuni akasema majina yameshakwenda, na nafasi ya Goweko ni moja. Nikamuuliza kama aliomba mbili. Akasema huwa hawaombi, huwa wanapewa. Soda yenyewe niliiacha mezani.

Kumbe shida kubwa ilikuwa bado inanisubiri Goweko. Nilikwenda nyumbani kwa Mama Kulwa kumpa habari njema nusu na mbaya nusu. Alikuwa kwenye bani, mikono imegandwa na utomvu wa tumbaku. Akanikaribisha kigoda. Baba yao alisikiliza akasema mambo ya watoto hao anayajua mama yao, akarudi kwenye moto. Nikazungumza kwa muda mrefu. Nikaeleza faida, heshima, maabara, walimu, maktaba. Mama yule alikuwa ananitazama kama ninamuuzia kitu.

Nilipomaliza akasema, "Mwalimu, wewe unataka mmoja. Mimi nilizaa wawili."

Nikamwambia nafasi ni moja. Akasema hajawahi kuwatenganisha hata kwenye sahani, kwamba mapacha ukiwagawa mmoja anaugua, na kwamba kama serikali ina haraka ya mtoto mmoja ikachukue kwa aliyezaa mmoja. Nilirudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia kuliko nilivyomkasirikia yule afisa. Nilifikiri, huyu anamzibia mtoto riziki kwa imani tu. Mpaka leo sijui kama alikuwa amekosea. Aliona kitu ambacho sisi tuliokuwa tunapima hatukukiona, kwamba ile akili tuliyokuwa tunaigombania ilikuwa imekaa kwenye miili miwili.

Kilichotuokoa ni uhamisho. Mwaka uleule nikaletwa mjini kumalizia utumishi, nikapata nyumba upande wa barabara ya Kipalapala, vyumba viwili na uani. Nikarudi kwa Mama Kulwa nikamwambia: Kulwa aende bweni, Doto akae kwangu asome sekondari ya kutwa, na siku za wazazi nitampeleka wakaonane. Kisha akaniuliza kama nyumba yangu ina kitanda cha pili. Hapo nikajua amekubali.

Sasa nanyi msidhani kuishi na mtoto mwenye kipaji ni raha. Watu wanasema "kipaji" kana kwamba ni ua. Doto alinichosha. Unamtuma chumvi, anarudi na swali. Siku moja alirudi mikono mitupu akaniuliza kwa nini maduka mawili ya mtaani kwetu yamekaa yanatazamana, na kule mwisho wa mtaa hakuna hata moja. Nikamwambia chumvi iko wapi. Akakaa na swali lile siku kadhaa, anafagia nusu ya uwanja anasimama. Hatimaye akanieleza wakati naosha vyombo: kila mwenye duka anaogopa akisogea, mwenzake atachukua wateja wa katikati, basi wote wanabaki pale na watu wa mwisho wa mtaa wanateseka. Mboga ya siku ile ilikuwa haina chumvi.

Shuleni kwake mambo yalikuwa magumu. Masomo sasa ni kwa Kiingereza, na mtu ambaye Kiswahili chenyewe kilikuwa kinamtoka kwa kuvutwa, Kiingereza kilimfunga kabisa. Walimu waliniambia yuko chini ya wastani. Neno hilo "wastani" nililisikia mpaka nikaliota. Kulwa naye hakuwa salama. Siku ya wazazi ya kwanza nilimkuta amekonda. Alinivuta pembeni akaniambia, "Mwalimu, walinichukua kwa akili za Doto. Hapa niko peke yangu na wameanza kujua."

Nilimwambia aache upuuzi ale. Lakini muhula uliofuata matroni aliniambia jambo dogo, kama umbea tu: kwamba bwenini kwao wasichana wakitoka darasani hawajaelewa wanakwenda kitandani kwa Kulwa. Yeye mwenyewe hana alama za juu, lakini akiwaeleza wanapata kuliko yeye. Nikasimama pale getini kama mjinga. Miaka yote nilikuwa nasema Doto ana kipaji na Kulwa ana mdomo. Mdomo ule ndio ulikuwa kipaji chenyewe, na sehemu ya kukiandika haikuwepo kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Niwaambie siku iliyobadilisha mambo. Ilikuwa Jumapili ya wazazi, tumekaa uwanjani kwenye mkeka, mimi, Doto, Kulwa na mwalimu wa hisabati wa shule ya Kulwa, binti mdogo wa kutoka Mbeya. Nilikuwa nimemsumbua muda mrefu amwone Doto. Akampa swali rahisi kusikia: wageni wamefika ukumbini, kila mmoja amesalimiana na kila mwenzake mara moja tu, je, salamu ngapi zimetolewa? Akataja idadi ya wageni. Doto akainama. Akanong'ona kitu, na Kulwa akafungua mdomo.

"Kulwa, nyamaza," nikasema.

Akanyamaza. Wote tukanyamaza. Mwalimu alitaka kusaidia, nikamshika mkono. Ni kitu kigumu sana kwa mwalimu kukaa kimya, jifunzeni mapema. Doto alichora vidoti kwenye mchanga, akaviunganisha kwa mistari, akafuta, akachora tena vikiwa vingi zaidi. Jibu aliliandika kwa kidole, na lilikuwa sahihi, lakini hata hakulitazama. Alikuwa bado anatazama mistari. Kisha akainua uso na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza Kiswahili na mtu asiyemjua.

"Na kama wawili kati yao wamegombana?"

Mwalimu akasema basi toa salamu moja. Doto akasema hiyo ameona. "Lakini kama waliogombana ni wengi, na mimi sijui ni nani na nani, nikihesabu tu salamu, naweza kujua waliogombana ni wangapi?"

Yule binti wa Mbeya alibaki anatazama mchanga. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba swali hilo ni gumu kuliko lile aliloleta yeye, na kwamba hana uhakika na jibu. Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Akaenda kumwomba mkuu wake ampokee Doto. Haikuwezekana, taratibu haziruhusu, na mimi wakati huo nilikuwa nimezoea kuambiwa taratibu hata sikupandisha sauti. Lakini alisema kila Jumapili ya wazazi atakuja mkekani, na alikuja. Yeye alileta maswali, na Kulwa alileta Kiingereza. Alimfundisha mwenzake kwa njia yake, sentensi ya kitabu anaivunja, anaieleza kwa Kinyamwezi, kisha anamlazimisha Doto aiseme mwenyewe kwa sauti. Doto akikosea, anamcheka. Walikuwa wanagombana uwanjani mpaka wazazi wengine wanageuka.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Doto alifaulu hisabati na fizikia vizuri kupita msichana yeyote wa shule yake, na uraia alipita kwa kusukumwa. Kulwa alifaulu lugha. Waliponiambia walichojaza kwa ajili ya kidato cha tano, nikaona wamechagua mambo tofauti, shule tofauti, mikoa tofauti. Hawakuwa wamemuuliza mtu. Mama yao akaja mbio kutoka Goweko kunilaumu mimi.

Basi ninyi, mkiagizwa majina, haya ndiyo ninayoyajua. Usiulize darasani nani anajua, anayejua huenda hana sauti. Mpime mtoto kwa lugha anayoiota. Mpe swali ambalo hujamfundisha njia yake, kisha funga mdomo wako. Tazama anayekusumbua na anayetazama nje, na tazama sana anayewafanya wenzake waelewe. Na ukipewa mpaka Ijumaa, jibu kwamba utahitaji mwaka. Watakukasirikia. Waache wakasirike, utakuwa umefanya kazi.

Siku ya safari tulikuwa stendi asubuhi, mimi na Mama Kulwa na mabinti zake. Basi la Mwanza la Doto liliwahi kuondoka. Nilitegemea machozi. Kulwa alisimama dirishani anatoa maagizo, Doto anaitikia kwa kichwa huku anatazama jinsi mizigo inavyopangwa juu ya basi la jirani. Likaondoka. Muda si mrefu la Dodoma nalo likapiga honi, Kulwa akatukumbatia, akapanda, na kabla basi halijafika barabarani tulishamwona anaongea na jirani yake wa kiti.

Tukabaki kwenye benchi. Mama Kulwa alikuwa na kikapu mapajani tangu alfajiri. Alipokifunua ndipo mimi na yeye tukakumbuka kwamba chakula cha njiani hatukuwapa. Alikuwa amewapikia kuku wa kienyeji na viazi, ameamka mapema, na amefunga vyote kwenye chombo kimoja, kama alivyofanya siku zote.

Alikitazama chombo kile, kisha barabara ya Mwanza, kisha ya Dodoma. Halafu akanisogezea. Tukala pale pale stendi, kwa mikono, watu wanatupita na mizigo yao. Tulipofika kwenye kidari, akakigawa katikati, akanipa kipande changu, akaniuliza treni ya kurudi Goweko inapita saa ngapi.